Vinara vya kauri vya Kiingereza vyenye sanamu: uanze na Chelsea, Bow au Derby?

Mtu anayeanza kukusanya vinara vya kauri vya Kiingereza vya karne ya 18 hukutana mapema na majina matatu: Chelsea, Bow na Derby. Viwanda hivi vyote vilitengeneza vinara vya mshumaa vilivyobeba sanamu: mchungaji na mpenzi wake, miungu ya Kirumi, ndege juu ya mti wenye maua, watoto wanaocheza dansi. Ndani ya kabati la kioo vinafanana kiasi cha kumchanganya hata mtu mwenye jicho zuri, kwa sababu viwanda viliigana bila haya na vyote vilitazama kazi ya Meissen ya Ujerumani. Vigeuze chini, ndipo vinapoachana. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia kwenye kitako.

Pendekezo letu tuliseme mapema. Anayetaka jozi moja nzuri ya kuanzia, kwa fedha za wastani, atafute Derby ya kati ya 1758 na 1775. Bow inamfaa anayependa rangi kali na mkono wa fundi unaoonekana, mradi akubali madoa na vidole vilivyokatika. Chelsea yenye chapa ya nanga ya dhahabu ndiyo yenye fahari kuliko zote, lakini ndiyo iliyoghushiwa kuliko zote pia, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha iwe ununuzi wa baadaye.

Vinara hivi vilikuwa vya kazi gani

Vilikaa kwenye rafu iliyo juu ya meko ya sebuleni, mezani wakati wa matunda na peremende, au kwenye meza ya kujipambia. Kwa kuwa vingi vilisimama mbele ya ukuta, fundi aliweka nguvu zake upande wa mbele. Mgongo wa sanamu mara nyingi una rangi kidogo au umeachwa mweupe, nao usikutie shaka. Kichaka cha majani na maua kilicho nyuma ya sanamu ni pambo, na pia ni nguzo. Udongo wa wakati ule ulilegea ndani ya tanuri, na miguu miwili myembamba isingeweza kubeba mwili pamoja na kikombe cha mshumaa. Ndiyo maana karibu kila sanamu imeegemea kisiki cha mti.

Sehemu za kuzitaja unapouliza hali ya kinara ni hizi: kitako, kisiki, sanamu yenyewe, kichaka, kisahani cha kukinga nta na kikombe cha mshumaa. Uliza kila moja kwa jina lake. Muuzaji anayejibu "hali nzuri kwa umri wake" bado hajakujibu lolote.

Kauri laini na kauri ngumu

China na Meissen walitumia kaolini, yaani udongo mweupe safi, na jiwe la kauri, wakachoma kwa moto mkali sana. Hiyo ndiyo kauri ngumu. Waingereza wa miaka ya 1740 hawakuwa na mchanganyiko huo, wakatengeneza kauri laini: udongo mweupe uliochanganywa ama na kioo kilichosagwa, ama na majivu ya mifupa, kisha ukachomwa kwa moto mdogo zaidi. Chelsea, Bow na Derby zote ni kauri laini.

Tofauti huonekana vizuri mahali palipomeguka, hasa ukingoni mwa kitako. Kauri laini ikimeguka huonyesha chembechembe kama sukari, na gilezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika udongo, hukaa juu kama tabaka lake peke yake. Kauri ngumu humeguka kwa uso laini unaong'aa kama kioo kilichovunjika, na gilezi yake imeshikana na mwili hadi mpaka hauonekani. Vitabu vya zamani vilishauri kukwaruza kitako kwa tupa ili kujua aina ya udongo. Usifanye hivyo, wala usimruhusu mtu mwingine kufanya. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha.

Ila usijenge kanuni ya haraka kwamba kauri ngumu haiwezi kuwa ya Kiingereza. William Cookworthy wa Plymouth alipata hataza ya kauri ngumu mwaka 1768, kazi ikahamia Bristol mwaka 1770 na kuendelea chini ya Richard Champion hadi karibu 1781. Vitu hivyo vipo, ila ni vichache. Anayekuambia kinara chake cha kauri ngumu ni cha Plymouth anapaswa kukuonyesha sababu zaidi ya udongo.

Derby: kwa nini tunaanza hapa

Derby ilianza karibu na mwaka 1750 kwa mikono ya André Planché, ila kiwanda kilipata nguvu mwaka 1756 alipoingia William Duesbury, ambaye kabla ya hapo alikuwa London akichora rangi juu ya kauri za viwanda vingine. Duesbury alielewa biashara ya sanamu. Alitengeneza nyingi, na nyingi zimesalia. Hiyo ni faida ya kwanza kwa mnunuzi: zipo za kulinganisha, minadani na makumbusho.

Faida ya pili ni kitako. Derby za kuanzia karibu 1756 zilisimamishwa juu ya vidonge vya udongo wakati wa kuchoma gilezi, na vidonge hivyo viliacha mabaka matatu au manne chini ya kitako, ya duara, meusi kidogo kuliko sehemu nyingine, kila moja likiwa na upana wa sentimita moja au zaidi kidogo. Katikati kuna tundu la kutolea hewa. Mabaka haya ni ushahidi mzuri kuliko chapa, kwa sababu sanamu za Derby za miaka hiyo kwa kawaida hazina chapa yoyote. Mwanzoni hilo huwasumbua watu. Ukweli ni kwamba kinara cha Derby cha miaka ya 1760 kisicho na chapa ndicho cha kawaida, na chenye nanga kubwa ya dhahabu ndicho cha kukitilia mashaka.

Angalia mabaka kwa makini hata hivyo, kwa sababu yanaweza kupakwa. Baka halisi ni mahali gilezi iliguswa. Ukipitisha kidole utasikia badiliko dogo la uso, na ukingo wake hauko sawasawa. Baka la kupakwa ni rangi tu juu ya gilezi laini.

Mwili wa Derby ni mwepesi. Sanamu zilitengenezwa kwa kumimina udongo mwepesi kama uji ndani ya kalibu ya plasta. Plasta ikafyonza maji, tabaka jembamba likabaki ukutani mwa kalibu, uji uliobaki ukamwagwa. Ukichungulia ndani kupitia kitako utaona uso laini unaofuata umbo la nje, bonde mahali palipo na uvimbe. Ukinyanyua kinara na kukiona chepesi kuliko ulivyotarajia, hiyo ni dalili njema.

Rangi ni za upole: njano ya makuti makavu, waridi iliyofifia, kijani, na feruzi ambayo mara nyingi imegeuka na kuwa na ukahawia. Wanaoifahamu Derby huitafuta feruzi hiyo chafu kwenye mikunjo ya kitako, kwa sababu waghushi huipaka ikiwa safi mno. Nyuso zina mashavu mekundu na vichwa vidogo kidogo kwa mwili.

Kuna mambo ya kuumiza kichwa pia. Derby ilirudia mifano ileile kwa miaka mingi, hata baada ya 1800. Mchungaji wa 1765 na mchungaji wa 1820 wanaweza kuwa ndugu wa kalibu moja. Robert Bloor aliyeongoza kiwanda kuanzia 1811 aliacha vitu vingi vyenye dhahabu ya kung'aa sana na rangi nzito, na kiwanda kikafungwa mwaka 1848. Namba iliyochorwa kwa ncha kali udongoni kabla ya kuchomwa, ikitanguliwa na "No", ni ya mifano ya miaka ya 1770 na kuendelea. Chapa ya taji, fimbo mbili zilizopishana na herufi D ilianza kutumika karibu 1782. Ukikuta chapa hiyo juu ya kinara kinachouzwa kama cha 1760, bei irudi chini.

Bow: rangi, uzito na madoa

Bow ilikuwa upande wa mashariki wa London, karibu na mto Lea. Edward Heylyn na Thomas Frye walipata hataza mwaka 1744, na Frye akapata ya pili mwaka 1749. Kiwanda kilikwisha karibu 1776. Siri yao ilikuwa majivu ya mifupa, ambayo yaliupa udongo nguvu ndani ya tanuri.

Sanamu za Bow ni nzito. Fundi alikandamiza udongo mzito kwa vidole ndani ya kalibu badala ya kumimina uji, kwa hiyo kuta ni nene, na ukichungulia ndani unaweza kuona alama za vidole vyake. Anayependa vitu vya kale kwa sababu ya mkono wa mtu aliyevitengeneza atafurahia jambo hili kuliko usahihi wa Chelsea. Gharama ya uzito ni kwamba nyufa za tanuri ni nyingi. Ufa wa tanuri una kingo zilizofunguka na mara nyingi gilezi imeingia ndani yake. Ufa wa kuangushwa ni mwembamba, mkali, na umejaa uchafu. Ufa wa kwanza haupunguzi bei sana, wa pili unapunguza.

Kuanzia karibu 1760 Bow ilipenda kitako kirefu cha rokoko (mtindo wa mapambo ya mikunjo wa karne ile) chenye miguu minne ya mikunjo, iliyopigwa mistari ya zambarau inayoelekea wekundu. Rangi zake ni kali: buluu nzito, feruzi, nyekundu, dhahabu hapa na pale. Nanga na jambia zilizochorwa kwa rangi nyekundu ni chapa ya miaka ya karibu 1760 hadi mwisho. Nyingine zina herufi "To" zilizochapwa udongoni, lakini herufi hizo zimeonekana pia kwenye kazi za viwanda vingine, kwa hiyo usizitumie peke yake.

Kitu kinachoitofautisha Bow kwa mnunuzi wa vinara ni tundu la nyuma. Sanamu nyingi za Bow zina tundu, mara nyingi la mraba, mgongoni mwa kisiki. Humo liliingizwa tawi la chuma au shaba lililobeba kikombe cha mshumaa na maua ya kauri. Matawi hayo kwa kawaida yamepotea. Kwa hiyo kuna sanamu za Bow zinazouzwa kama sanamu tu, kwa bei ya sanamu, ambazo zilikuwa vinara. Kwa maoni yetu huo ndio ununuzi bora wa Bow: sanamu yenye tundu, bila tawi, na bila kujaribu kuweka tawi jipya. Tawi la karne ya 19 lililopachikwa baadaye huongeza bei kuliko linavyoongeza thamani. Kaza macho penye tundu: kama kingo zimekatwa baada ya kuchomwa, udongo mweupe usio na gilezi utaonekana pembeni.

Kasoro kubwa ya Bow ni kunywa uchafu. Mwili una vinyweleo, na gilezi yake laini yenye risasi huchakaa kingoni. Unyevu na masizi vikapita, likabaki doa la kahawia. Doa hilo haliondoki kwa kusugua, na kulichemsha au kulitia dawa ya kung'arisha nguo ni kukiharibu kinara. Klorini hubaki ndani ya mwili, chumvi zake hutoka polepole, na gilezi huanza kubanduka. Kubali doa au usinunue.

Chelsea: nanga ya dhahabu na mitego yake

Chelsea ya Nicholas Sprimont, mfua fedha kutoka Liège, huhesabiwa kwa chapa zake: pembetatu iliyochongwa karibu 1745 hadi 1749, nanga iliyoinuka hadi 1752, nanga nyekundu hadi karibu 1756, kisha nanga ya dhahabu hadi 1769. Vinara vikubwa vyenye sanamu na vichaka vilivyojaa maua ni kazi ya kipindi cha mwisho. Hapo ndipo utakutana na vinara vya ngano za Aesop, ambapo wanyama wamepangwa chini ya mti kama jukwaani. Joseph Willems, aliyekuwa mchongaji mkuu kwa miaka mingi ya kiwanda, ndiye aliyezipa sanamu za Chelsea utulivu wa umbo ambao Bow na Derby hawakuufikia.

Kipindi cha nanga ya dhahabu kilitumia majivu ya mifupa pia. Gilezi yake ni nene, hujikusanya mabondeni ikionyesha kijani au buluu, na mara nyingi imejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Dhahabu ilisagwa na asali, ikapakwa, ikachomwa kwa moto mdogo. Matokeo yake ni dhahabu nzito, laini, isiyometameta kupita kiasi. Dhahabu ya zebaki iliyokuja baadaye, kuelekea mwisho wa karne, ni nyembamba na ina mng'aro wa shaba iliyosuguliwa. Weka picha ya hizo mbili kichwani, kwa sababu kinara cha "1765" chenye dhahabu ya shaba ama si cha 1765 ama kimepakwa upya.

Sasa mtego. Nanga ya dhahabu ya kweli ni ndogo sana, milimita chache tu, na kwenye sanamu hufichwa nyuma, juu ya kitako au karibu na kisiki. Nanga ya sentimita moja, katikati ya kitako, iliyochorwa ili ionekane mara moja, ni tangazo la bidhaa ya kuiga. Waigaji wakubwa walikuwa Samson wa Paris, kampuni iliyoanzishwa na Edmé Samson mwaka 1845, na viwanda kadhaa vya Ujerumani. Kazi zao ni kauri ngumu: nyeupe ya baridi, inayoelekea kijivu, gilezi sawasawa isiyojikusanya, mpasuko wa kioo.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hukisahau. Udongo hunywea unapochomwa. Mwigaji aliyechukua kalibu kutoka kwenye kinara halisi kisha akachoma nakala yake atapata kitu kifupi kuliko asili, kwa asilimia kumi au zaidi. Makumbusho huandika urefu wa vitu vyake. Tafuta mfano uleule, pima wako kwa rula kutoka mezani hadi juu ya sanamu, bila kikombe ikiwa kinatoka. Tofauti ya nusu sentimita ni ya kawaida kwa kazi ya mkono. Tofauti ya sentimita tatu kwenye kinara cha sentimita 28 ni jambo la kuulizia maswali.

Mwaka 1769 Sprimont aliuza kiwanda kwa James Cox, naye akamwuzia Duesbury mwaka 1770. Kuanzia hapo hadi 1784 Chelsea na Derby zilikuwa za mwenye mali mmoja, na Derby nayo ikaanza kutumia majivu ya mifupa. Ndiyo maana sanamu za miaka ya 1770 huchanganya dalili, na ndiyo maana tarehe "karibu 1770" kwenye orodha ya mnada isikushangaze ikiwa imefuatwa na majina mawili.

Kwa fedha zilezile: jozi ya Derby au kipande kimoja cha Chelsea?

Hili ndilo swali la kweli kwa wengi, na jibu letu ni jozi ya Derby. Vinara vilitengenezwa viwiliviwili, kimoja kikitazama kulia na kingine kushoto, na nusu ya uzuri wake ni mazungumzo ya sanamu hizo mbili. Mfano unaojulikana ni "Uhuru na Ndoa", ambapo mmoja ana ndege aliye huru na mwenzake ameshika tundu la ndege. Ukiwa na kimoja tu, hadithi imekatika katikati.

Lakini jozi nyingi zilizo sokoni ni za kuunganishwa: vinara viwili kutoka nyumba mbili, wakati mwingine vya miaka tofauti. Zikague kwa utaratibu huu. Linganisha vitako kwanza: mikunjo iwe ya mkono mmoja, idadi ya mabaka ilingane, tundu liwe la upana uleule. Kisha rangi, hasa kijani na feruzi, kwa sababu hizo hubadilika kati ya kundi moja la tanuri na jingine. Kisha dhahabu. Kama moja ni nzito na nyingine nyembamba, vilipambwa wakati tofauti au kimoja kimepakwa upya. Mwisho urefu. Jozi ya kuunganishwa si dhambi ikiwa imeelezwa hivyo na bei imeshuka ipasavyo.

Vikombe vya mshumaa ndivyo vinavyodanganya zaidi. Vingi hutoka, vina kijiti cha chini kinachoingia kwenye tundu la sanamu, na kwa sababu hutoka, hupotea. Vibadala vilitengenezwa karne nzima ya 19. Kitoe kikombe, kiweke kando ya sanamu kwenye mwanga wa dirishani, linganisha weupe wa udongo na rangi ya gilezi. Kikombe kigeni karibu kila mara ni cheupe zaidi. Kama kimegandishwa kwa gundi, usikitoe mwenyewe. Andika tu kwamba huna uhakika nacho, na utoe bei kana kwamba ni kibadala.

Marekebisho: kipi ukubali, kipi ukatae

Hakuna kinara chenye kichaka cha karne ya 18 ambacho hakijapoteza kitu. Majani na petali zilizomeguka tunazikubali bila shida. Kidole kilichorudishwa, sawa. Mkono mzima uliorudishwa, bei ipungue sana. Kichwa kilichokatika shingoni na kubandikwa bado ni kichwa cha asili, na tunakipendelea kuliko kichwa kizuri kilichotengenezwa upya. Kinachopaswa kukukimbiza ni kupakwa rangi kwa eneo kubwa, ambako fundi amefunika ufa mdogo kwa rangi iliyonyunyizwa juu ya nusu ya sanamu. Hapo hujui tena unanunua nini.

Kwa ukaguzi, chukua tochi ndogo ya urujuanimno ya nanomita 365 na chumba chenye giza. Gundi na rangi za zamani za marekebisho mara nyingi hung'aa kwa weupe au manjano yasiyolingana na gilezi iliyo karibu. Rangi za kisasa huweza kujificha, kwa hiyo tumia vidole pia: kauri ni baridi na gumu, rangi ya plastiki ina uvuguvugu na ulaini. Angalia shingo, vifundo vya mikono, mahali kisahani kinapokutana na kisiki, na kila mahali ambapo mwanga unateleza bila kukuta alama yoyote ya uzee.

Kama fedha hazifiki karne ya 18

Samson tunaikubali ikiuzwa kwa jina lake. Ni kazi safi, ina historia yake, na inafundisha jicho. Ila kwa fedha za jozi ya Samson unaweza kupata kazi ya kiwanda cha Kiingereza cha Royal Worcester ya mwisho wa karne ya 19, na hapo chaguo letu ni Worcester. James Hadley alichonga vinara vya watoto wenye kofia pana na magauni ya mtindo wa zamani, vyenye rangi ya pembe na dhahabu iliyofifishwa, na mara nyingi jina lake limechapwa udongoni. Chapa za kiwanda hicho zinasomeka kama kalenda: maneno "Royal Worcester England" yalianza 1891, nukta moja ikaongezwa 1892, kisha nukta moja kila mwaka hadi 24 mwaka 1915. Hakuna kiwanda cha karne ya 18 kitakachokupa uhakika wa namna hiyo.

Neno "England" peke yake lina maana pia. Sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ilitaka nchi ya asili iandikwe juu ya bidhaa, kwa hiyo kinara chenye neno hilo si cha karne ya 18, muuzaji aseme atakavyo.

Mahesabu ya mnada, na baada ya kununua

Bei ya nyundo, yaani ile iliyotajwa nyundo ya mnada inapogongwa, si bei utakayolipa. Chukua mfano: nyundo pauni 600, kamisheni ya mnunuzi asilimia 25 ni pauni 150, na kodi ya ongezeko la thamani ya Uingereza ya asilimia 20 juu ya kamisheni ni pauni 30. Jumla pauni 780, kabla ya usafirishaji. Kununua kupitia jukwaa la mtandaoni huongeza asilimia chache nyingine. Omba ripoti ya hali kwa maandishi, pamoja na picha ya kitako, picha ya mgongo, na picha ya vikombe vikiwa vimetolewa. Aliye London asinunue kabla ya kwenda kutazama makusanyo ya Lady Charlotte Schreiber, aliyoyatoa mwaka 1884 kwa makumbusho ambayo leo ni Victoria and Albert. Kiingilio ni bure. Aliye karibu na Derby aende makumbusho ya mji huo, yenye hazina kubwa ya kazi ya kiwanda chake.

Ukifika nacho nyumbani, usiwashe mshumaa. Kauri laini haivumilii joto la upande mmoja, na nta ya moto ikimwagika juu ya gilezi yenye nyufa ndogondogo huingia humo na kubaki. Kuosha ni kwa pamba iliyochovywa maji vuguvugu yenye sabuni isiyo kali, sehemu moja kwa wakati mmoja. Usikizamishe: gundi za zamani za wanyama huyeyuka majini, na waya za chuma zilizofichwa ndani ya marekebisho hushika kutu na kupasua udongo. Penye dhahabu, gusa kidogo tu, usisugue. Nyanyua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, mwingine kiunoni mwa sanamu. Anayeshika kichaka atabaki na jani mkononi. Kwa wanaoishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, hewa ya chumvi haidhuru kauri yenyewe, lakini hula matawi ya shaba na chuma, na jua la dirishani hugeuza marekebisho kuwa manjano.

Kwa kusafirisha, toa vikombe na uvifunge peke yake, uviandike kushoto na kulia. Jaza nafasi kati ya kichaka na sanamu kwa karatasi laini isiyo na asidi, bila kushindilia, kisha ndipo ufunge kwa plastiki ya mapovu. Kila kinara kiwe na sanduku lake, na masanduku hayo mawili yaingie katika sanduku kubwa lenye sentimita tano za kinga kila upande, juu na chini pia. Vinara viwili visiwekwe kamwe ndani ya sanduku moja dogo, hata kama vimefungwa vizuri: majani ya kimoja huvunja vidole vya kingine kabla gari halijafika uwanja wa ndege.